Mpapindi ni adimu, lakini je, uko hatarini?

Mara nyingi naambiwa kwamba mmea ukiwa unaota Pemba tu, basi hapana shaka uko hatarini kutoweka. Mimi ni mtu wa mimea, na jibu langu ni kwamba uadimu peke yake hautoshi.

Chukua mpapindi. Ni jamaa wa mitende na minazi, wenye mashina membamba ya pete-pete yanayoota kwa pamoja, na matunda mekundu. Ndugu zake karibu wote wako Madagaska. Wenyewe kwa asili hauoti popote duniani ila Pemba, hasa msitu wa Ngezi.

Tuupime kwa vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, vilivyotolewa mwaka 2001. Kuna ngazi tatu za hatari, kuanzia iliyo kali zaidi: hatarini sana, hatarini, na mazingira hatarishi. Kigezo kimoja hutazama ukubwa wa eneo ambamo mmea umesambaa. Likiwa chini ya kilomita za mraba 5,000, kiwango cha "hatarini" kimefikiwa. Pemba nzima haifiki 1,000! Yaani kila mmea wa Pemba pekee unavuka hapo bila jasho. Ndiyo maana kigezo kinadai zaidi: angalau mambo mawili kati ya matatu, yaani kubaki katika sehemu chache au vipande vilivyotengana, kupungua kunakoendelea, au idadi kupanda na kushuka kupita kiasi.

Kwenye kupungua ndipo kazi ilipo. Misitu mingi ya Pemba ilifyekwa karne ya 19 kupisha mikarafuu, na kilimo hicho kilishika kasi zaidi baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja. Hasara kubwa, inaniuma. Lakini kigezo kingine, cha kushuka kwa idadi, hutazama miaka 10 au vizazi vitatu vya mmea, kipindi kirefu kati ya hivyo, kwa hiyo ufyekaji wa zamani namna ile ni vigumu kuuhesabu. Inabidi kuonyesha kinachopotea sasa.

Na kuhesabu kwenyewe kuna masharti. Miche iliyojaa chini ya mpapindi haihesabiwi, hata ikiwa mingi kiasi gani. Inahesabiwa mimea iliyokomaa, yenye uwezo wa kuzaa. Mashina yaliyotoka kwenye shina-mama moja, yasiyoweza kuishi yakitenganishwa, huhesabiwa mmea mmoja. Anayehesabu kila shina ataongeza idadi mara kadhaa na kuufanya mmea uonekane salama kuliko ulivyo.

Mmea usiopungua nao haukuachwa. Ukiwa katika sehemu tano au chache zaidi, na kuna tishio la kweli linaloweza kuuangamiza kwa muda mfupi, unaingia ngazi ya mazingira hatarishi. Kwa mimea ya visiwani naliona hili ndilo sharti la haki kuliko yote, maana moto au ufyekaji wa msimu mmoja unaweza kumaliza kila kitu.

Tathmini ikipita miaka 10 huhesabiwa imepitwa na wakati, na mmea unapaswa kupimwa upya.