Je, wajua? Mtoto akikuangalia tu, ubongo wake ushaanza kazi

Juzi Jumapili nilikua Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, nimekaa na bamdogo anashona nyavu, mtoto wa dada, ana mwaka na nusu hivi, yuko chini kwenye mchanga, hajafundishwa na mtu, kaokota kamba na kijiti basi anachomeka anavuta, anachomeka anavuta, na kubwa kuliko katoa ulimi pembeni kama bamdogo anavyofanyaga akikaza fundo. Tulicheka mpaka basi. Ila nikabaki na swali, huyu si alikua anaangalia tu, mikono imelala, kajuaje?

Kumbe kichwani hakukuwa kimya. Kuna sehemu ya ubongo inaendesha viungo, imepita juu ya kichwa kama kilemba, sikio hadi sikio. Ukitulia seli za hapo zinapiga pamoja mdundo mmoja, kwa mtu mzima mara 8 mpaka 13 kwa sekunde, kwa kitoto taratibu kidogo, 6 mpaka 9. We chukulia bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ya kucheza na majembe, majembe yote yanapanda na kushuka kwa pamoja, hata aliye mbali anaona. Sasa ukisogeza mkono ni kama ngoma imevunjika kila mtu kaenda kulima kwake, ule mdundo wa pamoja unafifia. Kwahiyo ukififia ujue kazi imeanza.

Kinachoshangaza, unafifia hata ukiangalia mwenzio akifanya, japo sio sana kama ukifanya mwenyewe. Gastaut na Bert kule Ufaransa waliliona hili 1954, watu wamekaa kwenye viti wanatazama filamu ya ngumi na mdundo ukashuka. Baadae, mwanzoni mwa miaka ya 1990, timu ya Rizzolatti pale Parma, Italia, ikakuta kwa kima seli zinazowaka akichukua kitu na zinawaka tena akimuona mtu anachukua, wakaziita seli za kioo. Kuna watu siku hizi wanakwambia seli hizo ndo zinaeleza huruma, lugha na kila kitu, mimi hapo sipandi.

Kwa watoto watafiti wanapima mdundo huo kwa kofia laini yenye vipokezi, maana mashine kubwa za kupiga picha ubongo zinataka mtu atulie tuli, na nani atamtuliza mtoto wa mwaka mmoja bana. Kofia yenyewe haipeleki umeme kichwani (najua mama zetu washashtuka), inasikiliza tu. Wala haisikii seli moja moja, ni sawa na kusimama nje ya soko la dagaa, humsikii muuzaji mmoja ila kelele zikibadilika unajua.

Basi watoto wa miezi 14 wakaonyeshwa mtu anagusa kitu kwa mkono, mwingine kwa mguu. Akitumia mkono, mdundo ukashuka zaidi kwenye eneo la ubongo linaloendesha mkono, akitumia mguu ukashuka eneo la mguu! Na Uholanzi 2008 wakakuta watoto wa umri huo wakiona mwenzao anatambaa ubongo unaitika zaidi kuliko wakiona anayetembea, na aliyetambaa muda mrefu ndo anaitika zaidi, yaani unachokijua kwa mwili ndo unakiona vizuri.

Sasa ule ulimi je? Hapo kuna jaribio la Gergely na wenzake, 2002, mtu mzima anawasha taa kwa kuigusa na paji la uso. Mikono yake ikiwa huru na bado katumia kichwa, watoto 69 kwa 100 nao walitumia kichwa, lakini akiwa kajifunika blanketi mikono imebanwa, walioiga ni 21 tu, wengine wakatumia mkono. Wanapima aisee, kama hakuna kilichomlazimisha basi wanaona ndo namna ya kufanya. Nahisi dogo wetu kaona ulimi hauna sababu yoyote, basi kahesabu ni sehemu ya kushona.

Bamdogo nilivyomhadithia kasema kuanzia leo anashona mdomo kaufunga. Hayakufika mafundo matatu.