Samaki na bakteria: maswali na majibu

Samaki katoka majini sasa hivi. Mbona anaharibika upesi hivyo?

Nyama ya samaki mzima mwenye afya kwa kawaida haina bakteria. Wanakaa kwenye ute wa ngozi, kwenye matamvua na tumboni, na kinga ya mwili inawazuia wasipite hapo. Akifa, kinga inakoma, nao wanaanza kupenya. Vimeng'enya vya samaki mwenyewe, yaani vitu vya mwilini vinavyovunjavunja chakula, navyo vinailainisha nyama, basi bakteria wanakuta kazi imeshaanzwa.

Barafu inawaua?

Haiwaui, inawachelewesha. Ila kuchelewesha huko ndiko kunakookoa samaki: kwenye nyuzi 10 za Selsiasi huharibika kwa kasi kama mara nne ya kwenye nyuzi 0. Na saa aliyokaa juani hairudishwi na barafu ya baadaye, hata ikiwa nyingi.

Tena kuna namna ya kuipanga. Isagwe ndogondogo, mabonge huacha mianya ya hewa na ncha zake huchubua ngozi. Tandika barafu chini, panga samaki, funika kwa barafu, endelea hivyo hadi juu. Penye joto, kadiria kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Chombo kiwe na tundu chini, maana maji yanayoyeyuka hubeba ute, damu na bakteria. Yakituama, samaki wa chini wanalowekwa humo. Barafu itengenezwe kwa maji yanayofaa kunywa, na iliyokwisha tumika imwagwe.

Nimtoe matumbo mara moja?

Samaki mkubwa, ndiyo, hasa aliyevuliwa akiwa ameshiba. Lakini utumbo ukipasuka, osha vizuri kwa maji safi, la sivyo umewasambazia bakteria nyama yote. Wadogo kama dagaa huachwa hivyo hivyo. Wao wanachotaka ni kupoozwa au kukaushwa haraka.

Nikimkaanga mpaka akauke, si bakteria watakufa?

Wengi watakufa. Tatizo ni walichokiacha. Jodari, vibua na dagaa wa baharini wana histidini nyingi, kijenzi kimoja cha protini, na samaki akikaa kwenye joto bakteria huigeuza kuwa histamini, kemikali inayomdhuru mlaji. Hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha.

Aliyeila huhisi kama pilipili mdomoni, uso unakuwa mwekundu, ngozi inawasha, kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, pengine anaharisha. Huanza ndani ya dakika chache hadi saa chache. Wengi husema "samaki ananidhuru" na kumwacha maisha, kumbe ni yule mmoja aliyecheleweshewa barafu. Akivimba midomo au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kungoja.

Lakini nitamjua kwa harufu, sivyo?

Mara nyingine. Shombo kali ya samaki wa baharini hutokana zaidi na trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza. Ukiisikia, mwache. Usipoisikia, usijiamini mno: samaki mwenye histamini anaweza kuonekana na kunukia sawa kabisa. Limau na siki huificha shombo, hazimponyi samaki.

Tazama pia matamvua yawe mekundu yenye kung'aa, macho angavu yaliyojaa, na nyama ukiibonyeza irudi. Binafsi, samaki asiyelala kwenye barafu nampita hata macho yake yakiwa mazuri.

Chumvi je?

Chumvi na jua humnyang'anya samaki maji ambayo bakteria wanayahitaji. Akikauka nusu tu, au akinyeshewa akiwa juani, hapo hujalinda kitu.

Kwenye friza yuko salama?

Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria hawazaliani, ila wengi hubaki hai wakisubiri. Kwa hiyo usimyeyushie mezani. Mhamishie kwenye friji usiku, ndani ya bakuli, rafu ya chini, maji yake yasidondokee chakula kingine.