Kauri ya kale ya Japani: kitako cha sahani hakisemi kweli yote

Mtu akiokota sahani ya Kijapani mnadani, kwanza huipindua asome kitako. Si kosa, ila hapo ndipo wengi wanapopotea.

"Alama inataja enzi, basi sahani ni ya enzi hiyo."

Sivyo. Mafundi wa Arita, kisiwani Kyushu, walizoea kunakili alama za wafalme wa China, hasa ya Chenghua, aliyetawala mwaka 1465 hadi 1487. Japani ilianza kuchoma kauri halisi, ile nyeupe na ngumu inayopitisha mwanga, mwanzoni mwa karne ya 17, kwa hiyo hakuna sahani yake inayoweza kuwa ya Chenghua. Wala haikuwa lazima iwe ulaghai. Alama ile ilikuwa pambo, na heshima kwa kazi ya Wachina.

"Isiyo na neno 'Nippon' wala 'Japan' ni ya kabla ya 1891."

Hii ina chembe ya ukweli. Sheria ya ushuru ya McKinley ya mwaka 1890 iliidai bidhaa iingiayo Marekani ionyeshe nchi ilikotoka, na Wajapani wakaandika "Nippon", jina la nchi yao kwa Kijapani. Mwaka 1921 forodha ya Marekani ikataka neno la Kiingereza, "Japan". Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja "Made in Occupied Japan", iliyokoma 1952. Lakini sheria hiyo haikuvihusu vyombo vilivyouzwa Japani kwenyewe wala Ulaya, na lebo za karatasi hubanduka. Tena mihuri ya "Nippon" hughushiwa, maana wakusanyaji huilipia vizuri.

"Imari ilitengenezwa Imari."

Imari ni bandari tu, iliyovipa jina vyombo vilivyosafirishwa kutoka huko. Majoko yalikuwa Arita na vijiji jirani. Waholanzi waliongeza kununua huko miaka ya 1650, vita vya kuanguka kwa Ming, ukoo wa wafalme wa China, vilipovuruga biashara ya China. Na rangi za Imari, buluu, nyekundu na dhahabu, si hati ya uraia: Wachina waliiga mtindo huo, na Waingereza wa mji wa Derby pia.

"Satsuma yenye nyufa ni kauri kongwe."

Makosa mawili kwa pamoja. Satsuma, vyombo vilivyopewa jina la eneo la kusini mwa Kyushu, si kauri, ni udongo laini wa rangi ya maziwa; ukiiweka mbele ya taa, mwanga haupiti. Nyufa zile za nywele hutokea glezi (ganda la kung'aa linalofunika chombo) na udongo vinaposinyaa tofauti wakati wa kupoa, hata kwenye chombo cha jana. Msalaba ndani ya duara, nembo ya ukoo wa Shimazu uliotawala Satsuma, nao ulibandikwa kwenye vyombo chungu nzima vya kuuzwa nje vilivyotengenezwa mbali na Satsuma.

Basi utazame nini? Mimi ningeanza na mwili wa chombo. Vidoa vidogo kitakoni, palipokaa vijiguu vya udongo ndani ya joko, huelekeza Japani kuliko China, ingawa havitaji mwaka. Buluu husema zaidi. Ya zamani, ya kobalti (madini yanayotoa rangi hiyo) ya asili, mara nyingi imepoa na kuelekea kijivu. Ile kali, sawasawa kotekote, kwa kawaida ni kobalti ya viwandani kutoka Ulaya, iliyoenea Arita baada ya Mjerumani Gottfried Wagener kufika huko mwaka 1870. Kisha fuata pambo kwenye ukingo. Ukiona maua yanajirudia bila tofauti yoyote, na mahali fulani mchoro haukukutana vizuri, umechapwa kwa karatasi iliyotobolewa: mara nyingi ni kazi ya enzi ya Meiji (1868–1912) au baadaye, hata muuzaji aape kuwa ni ya miaka ya 1700.