Salfa na klorini, kutoka Nyiragongo hadi Zuhura

Dhana: Joto la jua ndilo linalovunja gesi za volkano.

Si joto, ni mwanga wa urujuanimno, yaani ule wa jua usioonekana kwa macho. Dioksidi ya salfa (SO₂) hupoteza atomu moja ya oksijeni ikipigwa na mwanga wa wimbi lisilozidi nanomita 219 hivi. Mwanga huo haufiki Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ulio chini ya volkano ya Nyiragongo; ozoni, gesi iliyo juu angani, huumeza huko juu. Kwa hiyo SO₂ ya Nyiragongo huungana polepole na oksijeni, hewani na ndani ya matone ya mawingu, mpaka iwe asidi ya salfa. Kloridi ya hidrojeni (HCl) haina subira: huyeyuka ndani ya tone na kushuka na mvua. Tazama mabati ya vijiji vya magharibi mwa mlima, upande ambao upepo hupeleka moshi mara nyingi: yanatoboka mapema. 

Dhana: Hewa ya sayari ya Zuhura ina HCl kidogo mno, haiwezi kubadilisha kitu.

Ni kweli haifiki sehemu 1 kwa milioni. Lakini Zuhura haina mvua ya kuiosha kama yetu, kwa hiyo hupanda hadi juu ya mawingu, kilomita 70 hivi, na urujuanimno huing'oa klorini. Hapo ndipo utamu wa kemia hii. Mwanga huvunja kaboni dioksidi ya hewa ya huko kuwa CO (monoksidi ya kaboni) na O (atomu ya oksijeni), na peke yake CO ingekawia sana kurudi kuwa kaboni dioksidi. Klorini huikamata CO, zikawa ClCO, hiyo ClCO ikachukua oksijeni, na mwishoni inatoka kaboni dioksidi pamoja na klorini ileile, tayari kwa zamu nyingine.

Dhana: Klorini ikishikana na salfa, basi imefungwa.

Kifungo hicho ni dhaifu. Dikloridi ya salfa (SCl₂) ni kimiminika chekundu kwa sababu hunyonya mwanga wa buluu na zambarau, na mwanga huo wa kawaida una nguvu ya kutosha kuivunja. Hakuna haja ya urujuanimno mkali. Huko Zuhura, usiku molekuli kama hizo zinaweza kuihifadhi klorini, asubuhi zinaiachia.

Dhana: Mvua ya asidi hulowesha ardhi ya Zuhura.

Hunyesha, ila haifiki chini. Ardhi ina nyuzi 460 hivi za Selsiasi, na matone hukauka kilomita nyingi juu yake. Asidi huvunjika kuwa maji na trioksidi ya salfa, nayo hurudi kuwa SO₂ na kupanda tena.