Siku 30 Hazifiki Katikati ya Julai: Jinsi ya Kusoma Viza ya Schengen Kabla ya Kupanda Ndege

Mwezi Mei mama mmoja alifika kwenye dawati letu la ushauri wa safari, pasipoti ameifunga ndani ya leso pamoja na tiketi. Alisema hana shida, viza imeshatoka, anataka tu mtu wa kumsomea kwa sababu maneno yote ni ya Kijerumani. Mwanawe anaishi Hamburg na ndiye aliyemnunulia tiketi ya kwenda na kurudi: kutua tarehe 3 Juni, kuondoka tarehe 14 Julai. Stika ya viza ilisema kuanzia 01-06 hadi 15-07. Kwa macho ya mwanawe, na ya wakala aliyekata tiketi, tarehe zilikaa sawasawa na bado siku moja ikabaki.

Chini ya tarehe hizo palikuwa na sehemu ndogo yenye namba 30. Hizo ndizo siku alizopewa. Tulihesabu naye kwa vidole: kuanzia tarehe 3 Juni hadi mwisho wa mwezi ni siku 28, zikiongezwa mbili za Julai zinatimia 30. Siku yake ya mwisho kihalali ilikuwa tarehe 2 Julai. Kwa tiketi ile angezidisha siku 12 bila kujua, na mfanyakazi wa uwanja wa ndege asingemuuliza kama alijua.

Nimeanza na mama huyu kwa sababu kosa lake ndilo tunaloliona mara nyingi zaidi, na halisababishwi na uzembe. Stika ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani kati yao, ina mambo matatu tofauti ambayo jicho huyasoma kama moja. Kuna tarehe za mwanzo na mwisho, yaani kipindi ambacho viza iko hai. Kuna idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa ndani ya kipindi hicho. Na kuna idadi ya mara unazoweza kuingia: 01, 02 au MULT, maana yake mara nyingi. Kwa kawaida kipindi hurefushwa siku 15 kuliko siku za kukaa, ili safari ikisogea mbele kidogo msafiri asipoteze viza yake. Hizo 15 ni nafasi ya kusogeza safari, si siku za kuongeza matembezi.

Hiyo 01 nayo ina mtego wake. Ukiingia Ujerumani kwa viza ya mara moja, kisha ukaenda London siku mbili kumwona dada yako, umetoka eneo la Schengen na viza yako imekwisha, hata kama siku zimebaki. Uingereza haimo, na ina viza yake yenyewe. Ireland na Kupro nazo hazimo. Uswisi na Norwei zimo, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Kwa jumla ni nchi 29, tangu Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu tarehe 1 Januari 2025. Jina lenyewe ni la kijiji cha Luxembourg kilicho kando ya mto Moselle, ambako mwaka 1985 nchi tano zilitia saini ndani ya meli makubaliano ya kuondoa ukaguzi mipakani. Ndiyo maana viza iliyotolewa na nchi moja inakuvusha hadi nyingine.

Sasa tuje kwenye hesabu inayowasumbua hata wanasheria. Viza ya muda mfupi haiwezi kukupa zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Neno la kushika hapo ni zozote. Wengi hudhani ni miezi mitatu ndani, miezi mitatu nje, kisha unaanza upya, au kwamba mwaka mpya unafuta ya zamani. Haiko hivyo. Kila siku unapokuwa ndani, unarudi nyuma kwenye kalenda siku 180 ukiijumlisha na ya leo, unahesabu siku zote ulizokuwa ndani ya eneo hilo, na jumla isizidi 90. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka pia.

Chukua bibi mwenye viza ya mwaka mzima ya MULT yenye siku 90, ambaye hajaenda Ulaya karibuni. Anaingia tarehe 10 Machi kumsaidia binti yake aliyejifungua na anatoka tarehe 20 Mei. Hizo ni siku 72. Mjukuu anaugua, bibi anataka kurudi tarehe 25 Julai. Siku 180 za nyuma zinaanzia mwishoni mwa Januari, kwa hiyo zile 72 zote bado zinamhesabia, na amebakiwa na siku 18 tu: lazima awe ametoka ifikapo tarehe 11 Agosti. Lakini angesubiri na kuingia tarehe 6 Septemba, mambo yangebadilika kabisa. Kuanzia siku hiyo siku zake za Machi zinaanza kutoka kwenye hesabu moja baada ya nyingine, na kila siku mpya anayokaa inachukua nafasi ya ile ya zamani iliyotoka. Angeweza kukaa siku 90 mfululizo, ilimradi viza yenyewe bado iko hai. Kusubiri wiki sita kungegeuza siku 18 kuwa 90. Tume ya Ulaya ina kikokotoo cha bure mtandaoni kinachofanya hesabu hii. Kitumie kabla ya kukata tiketi.

Zamani mtu aliyezidisha siku aliweza kupona kwa mhuri uliofifia au ukurasa ulioonekana vibaya. Tegemeo hilo limekwisha. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia, kwa awamu, mfumo wa kielektroniki unaosajili kila mgeni anapoingia na kutoka, kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya mhuri. Kompyuta ndiyo inayohesabu siku, na kumbukumbu hukaa miaka mitatu. Aliyezidisha anaweza kutozwa faini, kuzuiwa kuingia kwa muda, au kujikuta ananyimwa viza inayofuata bila kukumbuka kosa lilikuwa lini.

Tukirudi nyuma kwenye maombi yenyewe: unaomba kwenye nchi gani? Ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Kuomba kwa nchi unayosikia ina "mkono mwepesi" huku safari yako yote ni ya kwingine ni njia fupi ya kukataliwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila sheria inaruhusu hadi 45. Ushauri wangu ni miezi miwili kabla, na zaidi ikiwa safari ni ya kiangazi cha Ulaya, maana kupata tarehe ya miadi tu kunaweza kula wiki kadhaa. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, mtoto wa miaka 6 hadi 11 euro 45, aliye chini ya miaka 6 halipi. Ukikataliwa hairudi. Kituo cha kupokea maombi nacho hutoza gharama zake, lakini hakiamui chochote. Hivyo anayekuambia ana mtu wake kituoni anakuuzia hewa.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku unayopanga kutoka Ulaya. Bima ya safari ifikie euro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen na siku zote za safari, na ilipie matibabu ya dharura, hospitali na kurudishwa nyumbani, hata mwili ikitokea kifo. Isome karatasi ya bima kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Kwa mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, mzazi mwingine aandike ridhaa yake.

Ninapotaka mkae nami kidogo ni kwenye pesa na majina.

Afisa wa ubalozi hakujui. Hajawahi kuona duka lako Kariakoo wala shamba lako Moshi. Anachokiona ni karatasi, na anajiuliza swali moja: mtu huyu atarudi? Ndiyo maana stetimenti ya benki iliyokaa na shilingi 200,000 miezi mitano, kisha Jumatatu moja ikapokea milioni 20 za kukopa kwa jirani, inakudhuru badala ya kukusaidia. Anaona pesa iliyopita, haoni maisha. Bora stetimenti ya mama lishe inayopanda na kushuka kila siku, ikiambatana na leseni ya biashara, karatasi za kodi na hata taarifa za miamala ya simu. Kama pesa ni ya mwenyeji, semeni wazi na mfuate utaratibu wa nchi yake. Ujerumani mwenyeji huenda kwa mamlaka ya wageni ya mji wake kutia saini ahadi rasmi ya kubeba gharama, iitwayo Verpflichtungserklärung. Ufaransa, anayekulaza nyumbani kwake huchukua attestation d'accueil kwenye ofisi ya meya. Barua ya mkono yenye maneno matamu haichukui nafasi ya hizo.

Majina nayo. Sisi hutumia jina la baba, kisha la babu, na herufi hubadilika kulingana na aliyeshika kalamu. Mama ni Mwanaasha kwenye pasipoti, Mwanaisha kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na mwana mwenyewe huko Ulaya ameandikishwa kwa jina la babu pekee kama jina la ukoo. Nyumbani kila mtu anajua ni mtu na mama yake. Kwenye faili ni watu watatu wasiohusiana. Usiache afisa abahatishe: peleka cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa Tanzania), weka hati ya kiapo inayoeleza tofauti ya majina, na andika barua fupi ya kueleza nani ni nani. Tumeona mama aliyenyimwa akirudi na karatasi hizo tatu na kupewa.

Anayenyimwa hupewa fomu yenye sababu iliyowekewa alama. Isome hiyo kabla ya kulalamika au kuomba tena. Una haki ya kukata rufaa kwa sheria za nchi iliyokunyima, ndani ya muda ulioandikwa hapo, na huzuiwi kuomba upya. Cha kuogopa ni karatasi ya kughushi kutoka kwa kishoka. Maombi, majibu na alama za vidole huhifadhiwa kwenye mfumo mmoja ambao nchi zote 29 huuona, kwa hiyo barua moja ya uongo ya mwajiri uliyoipeleka kwa nchi moja itakufuata kwenye nyingine miaka mingi.

Kuhusu kuunganisha ndege: ukitoka Dar es Salaam kwenda Copenhagen kupitia Amsterdam, uhamiaji unaupita Amsterdam, na siku ya kwanza inaanza kuhesabiwa hapo. Ukipitia Amsterdam kwenda London na ukabaki ndani ya eneo la abiria wa kimataifa, kwa pasipoti ya Tanzania kwa kawaida hutahitaji viza ya Schengen. Ila safari ikiwa Amsterdam, kisha Paris, kisha London, unaihitaji, maana kutoka Amsterdam hadi Paris umeingia ndani. Ndugu zetu wenye pasipoti ya Kongo ya Kinshasa, Ethiopia na Somalia wamo kwenye orodha ya wanaohitaji viza ya kupita uwanjani hata bila kutoka nje, isipokuwa wenye misamaha maalumu. Nchi moja moja nazo huongeza mataifa yao, kwa hiyo uliza ubalozi wa nchi ya uwanja unaopitia, si shirika la ndege pekee.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo, hatuulizwi sana na Ulaya, lakini inahitajika katika safari nyingi za huku Afrika. Tangu Julai 2016 chanjo moja ya homa ya manjano inatosha maisha yote. Usilipe mtu anayekuambia ya kwako imepitwa na wakati.

Na viza haikuhakikishii kuingia. Afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza upya: unakwenda wapi, kwa nani, una nini cha kuishi, utarudi lini. Nakala za barua ya mwenyeji, bima na tiketi ya kurudi zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiwe kwenye begi lililo tumboni mwa ndege. Kama lugha haipandi, sema Kiswahili na usiitikie usichokielewa. "Ndiyo" ya adabu imewagharimu wazee wetu, kwa kuwa swali lilikuwa kama anakwenda kufanya kazi.

Yule mama alibadilisha tiketi irudi tarehe 1 Julai, ili ndege ikichelewa abaki na siku moja mkononi. Kabla hajaondoka tulimwandikia kwenye kipande cha karatasi jina la mwanawe kama lilivyo kule Hamburg, anwani na namba ya simu, kwa sababu simu yake ingezimika au kukosa mtandao akishatua. Alikikunja, akakiweka kwenye ukurasa wenye stika, akaifunga pasipoti ndani ya leso.