Je, wajua kwa nini indiketa hutakiwa kutangulia breki?

Mtazame dereva anayekata kona kwa pupa. Taa za breki zinawaka kwanza, gari linapunguza mwendo, na indiketa inaanza kuwakawaka usukani ukiwa umeshazungushwa. Hapo haimsaidii mtu. Aliye nyuma ameshaliona gari likikata. Alichotaka kujua mapema ni kwa nini limeshika breki.

Taa ya breki inaeleza jambo moja tu, kwamba gari linapunguza mwendo. Huenda kuna shimo, huenda kuna mtu anavuka. Indiketa ikitangulia, wa nyuma anajua sababu na anaondoa mguu kwenye mafuta bila kushtuka. Ndiyo maana wanafunzi wa udereva hufundishwa kutazama vioo, kuwasha indiketa, kisha breki na kona. Vioo vinakuja mwanzo kwa kuwa indiketa haimpi mtu haki ya kuingia. Inatoa taarifa tu.

Mapema kiasi gani? Sheria ya jimbo la California, Marekani, inadai indiketa iwake mfululizo katika futi 100 za mwisho kabla ya kona, yaani mita 30 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo wa nyuma anapata sekunde mbili na kidogo. Dereva makini huhitaji kama sekunde moja au moja na nusu kuona na kukanyaga breki. Inatosha, ila kwa kubana. Kwa kilomita 100, mita hizo 30 huisha kwa sekunde moja, na taa imewaka mara moja au mbili tu! Kwa barabara kuu, mwongozo wa madereva wa jimbo hilo hushauri sekunde 5 kabla ya kubadili njia. Kwa maoni yangu, kuhesabu sekunde ni bora kuliko kukisia mita.

Kuwahi mno nako ni hatari. Kukiwa na njia ya pembeni kabla ya ile unayoiendea, anayesubiri kutoka humo ataamini unaingia kwake, naye atajitosa mbele yako. Subiri uipite, ndipo uwashe. Kwenye mzunguko ni vivyo hivyo: ishara ya kutoka hutolewa baada ya kuipita njia iliyotangulia yako.

Mwendesha baiskeli ana shida nyingine, kwani mkono unaoashiria ndio huohuo unaohitajika kwenye breki. Atazame nyuma kwanza, anyooshe mkono sekunde chache barabara ikiwa nyoofu, kisha aurudishe kwenye usukani kabla ya kulala na kona. Kuikata kwa mkono mmoja, hasa penye kokoto, ni kujitafutia mwereka. Marekani bado ipo ishara ya kwenda kulia kwa kukunja mkono wa kushoto kuelekea juu. Ilimfaa dereva wa gari lisilo na indiketa, aliyekaa kushoto na kuweza kutoa mkono dirisha la upande huo tu. Kwenye baiskeli, mkono wa kulia ulionyooshwa huonekana vizuri, na wengi huuelewa upesi zaidi.