"Redio Ninayo, Mafunzo ya Nini?" Dhana Potofu Kuhusu Vikundi vya Redio za Ridhaa Wakati wa Dharura

Kikundi cha kujitolea cha mawasiliano ya dharura kwa redio za ridhaa (redio za kurusha na kupokea, zinazoendeshwa na watu wenye leseni kwa kupenda tu, si kwa biashara) kinapotangaza kwamba kinapokea wanachama wapya, hujitokeza watu wa aina mbili: wasio na redio lakini wana hamu ya kujifunza, na wenye redio ambao hawaoni kilichobaki cha kujifunza. Wa kwanza hawajawahi kunisumbua. Wa pili ndio walionisukuma kuandika makala haya, kwa sababu nikiwa mratibu wa kikundi nimechoka kujibu hoja zile zile, na kwa sababu imani wanazokuja nazo huleta madhara siku ambayo minara ya simu imezimika na watu wanatutegemea.

Dhana: "Kuongea hewani hakuhitaji mazoezi"

Mwenye dhana hii kwa kawaida ana leseni, anaijua redio yake vizuri, na amezungumza na wenzake hewani kwa miaka mingi. Asichokitambua ni kwamba kuzungumza na kupitisha ujumbe ni kazi mbili tofauti. Katika mazungumzo maneno ni yako: ukikosea unajisahihisha, ukisahau unaendelea na jingine, na mwenzako akikuelewa nusu hakuna aliyeumia. Katika dharura maneno ni ya daktari wa kambi, ya mtunza ghala, au ya ofisa anayesimamia maafa katika eneo hilo. Wewe ni tarishi tu, na tarishi hafungui barua akaiandika upya kwa maneno anayoyaona yeye kuwa mazuri zaidi.

Tuchukue ujumbe wa kawaida kabisa. Mhudumu wa kituo cha hifadhi ameandika: "Tunaomba dripu 60 na sindano 90 kabla ya saa 16:00. Hakuna majeruhi wapya." Mwendeshaji asiye na mazoezi anausoma mara moja, anauelewa, kisha anaurusha kutoka kichwani: "Jamani, huku wanahitaji dripu kama sitini hivi na sindano, waletewe jioni hii, halafu majeruhi hakuna." Hakuna uongo wa makusudi hapo, lakini ujumbe umeharibika wote. Idadi ya sindano imepotea, dripu zimekuwa za kukadiria, saa 16:00 imegeuka kuwa jioni isiyo na mpaka, na neno "wapya" limeanguka, kwa hiyo mpokeaji anaweza kuliondoa gari la wagonjwa lililokuwa likiwasubiri majeruhi wa tangu asubuhi.

Juu ya hayo kuna mitego ya lugha yenyewe. Kiswahili huweka ukanushi mwanzoni mwa neno, na mwanzo wa neno ndio unaoliwa mtu anapobonyeza kitufe na kuanza kusema papo hapo, hasa kupitia ripita (kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha upya yafike mbali) inayosubiri toni kabla ya kufunguka. "Hakuna majeruhi" ikikatwa silabi ya kwanza hufika "kuna majeruhi", na "hatuna maji" hufika "tuna maji". Sita na tisa zina sauti zile zile zilizobadilishana nafasi, na palipo na mkwaruzo sikio haliwezi kuapa limesikia ipi. Saa nayo ina balaa lake: "saa nne" inaweza kuwa 10:00 au 22:00, na mgeni wa shirika la misaada anayejifunza lugha ataandika 04:00 bila wasiwasi wowote.

Dawa ya mitego hii si ngumu, lakini haiingii mwilini kwa kusomwa. Bonyeza kitufe, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme. Namba itajwe nzima, kisha tarakimu moja moja: "sitini, namba sita sifuri". Saa iandikwe na isomwe kwa mfumo wa saa 24. Kanusho muhimu ligeuzwe kuwa idadi, yaani mwandishi wa ujumbe ashauriwe kuandika "majeruhi wapya: sifuri" badala ya kutegemea silabi moja ibebe uhai wa watu. Nasema ashauriwe, kwa sababu mwenye ujumbe ndiye anayeubadilisha na kuutia sahihi. Mwendeshaji habadilishi hata nukta.

Kuna fomu ya ujumbe, na hapa ndipo malalamiko ya "urasimu" huanza. Fomu ina namba ya ujumbe, daraja la uharaka, kituo ulikoanzia, idadi ya maneno, mahali, saa na tarehe, kisha ujumbe wenyewe na jina la aliyeuidhinisha. Idadi ya maneno ndiyo inayochekwa kuliko vyote, ilhali ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko vyote: mpokeaji anahesabu alichoandika, akipata maneno 17 wakati ametajiwa 18 anajua papo hapo kwamba kuna kilichopotea, na anaomba kurudiwa kabla mtu hajaondoka na karatasi. Namba ya ujumbe humwezesha anayepokea zamu usiku kujua kipi kimejibiwa na kipi bado. Daraja la uharaka lina maana tu iwapo linaheshimiwa, na kikundi ambacho kila ujumbe wake ni "dharura" hakina daraja lolote, kwa kuwa ombi la mablanketi litasimama foleni moja na ombi la damu.

Asiyeamini afanye zoezi ninalolipenda kuliko yote. Andika ujumbe wa maneno 25 wenye namba mbili, jina moja la mtu na kanusho moja. Upitishe katika vituo vitatu kwa mdomo bila fomu, huku redio nyingine ikipiga kelele pembeni, halafu weka nakala ya kwanza na ya mwisho mezani, sambamba. Hakuna hotuba ninayoweza kutoa inayolingana na karatasi hizo mbili.

Sehemu nyingine ya mafunzo ni kunyamaza. Mtandao wa dharura huongozwa na msimamizi mmoja, na kila kituo hujitambulisha, husubiri kuitwa, hupitisha kilichonacho na kurudi kusikiliza. Mwanachama anayeweza kukaa dakika 40 bila kugusa kitufe, akiandika kila anachosikia pamoja na saa yake, ana thamani kwangu kuliko mwenye redio ya bei kubwa anayeingia kila baada ya dakika mbili kuuliza kama kuna lolote analoweza kusaidia. Na aandike kwa kalamu ya risasi. Wino hutawanyika karatasi ikilowa, na dharura nyingi huja na maji.

Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico mwezi Septemba 2017 na kuangusha zaidi ya asilimia 95 ya vituo vya simu za mkononi, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba waendeshaji wa redio za ridhaa hadi 50. Kazi waliyoombewa ilikuwa hasa kuandika na kuwasilisha taarifa za manusura ili jamaa zao wajue kwamba wako salama. Yaani orodha za majina, herufi kwa herufi. Anayedhani mafunzo ya fomu ni mchezo ajaribu kutaja majina mia moja ya watu asiowafahamu kwa alfabeti ya kifonetiki, ambapo kila herufi hutajwa kwa neno lake maalumu, bila kukosea hata moja.

Dhana: "Ripita itatubeba"

Ripita ni mnara wenye umeme, betri, antena na mara nyingi barabara ya kuufikia, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuondoka na upepo ule ule ulioondoa minara ya simu. Mpango unaoanza na ripita ni sawa. Mpango unaoishia hapo si mpango. Kila mwanachama anapaswa kujua, bila kuuliza, ni masafa yapi ya moja kwa moja yatatumika ripita ikinyamaza, na awe ameshayajaribu kutoka mahali atakapokuwa, si kutoka kilimani alikokwenda kwa matembezi.

Kwa umbali unaozidi uwezo wa VHF (masafa ya redio za kawaida za mkononi), kama vile wilaya nzima au mkoa wenye milima, jibu ni mawimbi mafupi. Antena ya waya ya bendi ya mita 40 (huo ni urefu wa wimbi, si wa waya), yenye urefu wa takriban mita 20, ikitundikwa chini kiasi cha mita tatu hadi tano, hurusha mawimbi karibu wima. Yanagonga ayonosfia, tabaka la juu la angahewa linaloyarudisha mawimbi, na kurudi chini kama mvua juu ya eneo lote, kuanzia jirani hadi kilomita mia kadhaa, bila kujali mlima ulio katikati. Mchana hutumika MHz 7, na usiku, ayonosfia inapodhoofika, hushukwa hadi MHz 3.5. Wageni husikitika kuona antena imetundikwa "chini mno". Kwa kazi hii, hapo ndipo mahali pake.

Kwa eneo letu la IARU (muungano wa kimataifa wa vyama vya redio za ridhaa), linalojumuisha Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati, masafa ya kukutania wakati wa dharura ni pamoja na kHz 3760, 7110 na 14300. Yasikilizwe kwanza kabla ya kurusha chochote. Mwezi Desemba 2004 Bharathi Prasad na kundi lake walikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, kwa shughuli ya kawaida ya redio za ridhaa, tsunami ya tarehe 26 ilipopiga. Waliacha burudani na kukigeuza kituo chao kuwa kiungo kati ya visiwa hivyo na bara la India. Hakukuwa na ripita yoyote katikati.

Dhana: "Wati zikiwa nyingi nitafika mbali"

Kutoka wati 5 hadi 50 ni ongezeko la desibeli 10, ambalo kwenye kipimo cha ishara cha mpokeaji halifikii hatua mbili. Kwenye VHF kinachoamua ni kimo. Redio mbili za mkononi zilizoshikwa mita moja na nusu kutoka ardhini zina upeo wa takriban kilomita 10 kwenye tambarare tupu, na majengo na miti hupunguza hata hizo. Inua antena moja hadi mita 9 na upeo unakuwa takriban kilomita 17, kwa redio ile ile na betri ile ile. Kisha tazama waya unaounganisha redio na antena. Mita 15 za RG-58, aina moja ya waya huo, humeza karibu nusu ya nguvu kwenye MHz 145. Watu hununua kikuza nguvu kabla ya kununua waya bora, na sijui niwaambie nini.

Dhana: "Wakati wa dharura leseni haiulizwi"

Inaulizwa, na ni vyema iulizwe. Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, katika kifungu cha 25, zinazitaka serikali kuhakiki uwezo wa kila anayetaka kuendesha kituo cha ridhaa, na kifungu hicho hicho, baada ya marekebisho ya mwaka 2003, kinazihimiza kuviruhusu vituo hivyo kujiandaa kwa misaada ya maafa. Neno "kujiandaa" lina uzito wake hapo. Mtu ambaye uhai uko hatarini na ana redio mkononi ataita msaada, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu; lakini hilo haligeuki kuwa ruhusa ya kununua redio leo na kuiweka kabatini "kwa ajili ya siku hiyo". Siku hiyo mwenye redio hiyo hatajua toni ya ripita, wala hatakuwa na ishara ya wito (utambulisho wa hewani wa mwenye leseni) ya kumtambulisha kwa msimamizi.

Dhana: "Tukisikia kuna tukio, tunakwenda"

Hatuendi. Tunaitwa na taasisi tuliyokubaliana nayo kwa maandishi, tunapangiwa kituo, na tunaingia na kutoka kwa saa zilizoandikwa. Mwendeshaji aliyejipeleka mwenyewe ni mtu mmoja zaidi wa kulishwa, kulazwa na pengine kuokolewa. Sisi si waokoaji, hata kama fulana zetu zinang'aa.

Dhana: "Siku hizi kuna setilaiti"

Kuna setilaiti, na kikundi chenye simu ya setilaiti kiitumie. Simu hiyo humuunganisha mtu mmoja na mwingine, anayejua namba yake. Redio husikiwa na vituo vyote kwa pamoja, na kituo cha tatu husikia kwamba daraja limekatika bila mtu kukumbuka kumpigia. Vyote viwili vinaweza kukaa meza moja.

Dhana: "Betri yangu ni kubwa, inatosha"

Kubwa kiasi gani? Redio ya wati 50 hula takriban ampea 10 inaporusha na takriban nusu ampea inaposikiliza. Ukirusha dakika 6 katika kila saa, wastani ni karibu ampea moja na nusu, na kwa saa 24 unahitaji ampea-saa zisizopungua 35. Betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu ya ujazo wake, kwa hiyo inunuliwe ya ampea-saa 70 au zaidi. Ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 inavumilia kushushwa zaidi na ni nyepesi kubebwa. Paneli ya sola isiwekwe kwenye hesabu hadi ijaribiwe siku ya mawingu, na betri ijaribiwe kwa kuiendesha redio yenyewe hadi izime, si kwa kusoma namba iliyochapishwa ubavuni.